Mapana Nyuma, Membamba Mbele

Jumapili, Aprili 6, 2025. Mwanjelwa, Mbeya

Mpwa wangu wa Iringa kaanza tena. Kabla ya ibada kanitumia picha ya rimu mbili za inchi 17, upana inchi 8.5, rangi ya shaba, na ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nataka hizi nyuma tu, nizivalishe 245. Mbele nabaki na 215. Gari litakaa kiume." Nimeitikia marahaba, nikamwambia asitume hela kwa mtu yeyote mpaka tuongee.

Gari lake ni Impreza WRX ya 2006: tabo, gia za mkono, fowili ya muda wote. Lilitoka Japani na 215/45R17 pande zote nne, kwenye rimu za upana wa inchi 7. Huo mtindo wa mapana nyuma na membamba mbele anauona kwenye BMW, na huko una maana. BMW ya kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo mpira mwingi unawekwa palipo na kazi nyingi. BMW 3 yenye 225/45R17 mbele na 255/40R17 nyuma ipo kutoka kiwandani, haikubuniwa na vijana wa mjini.

Subaru ni habari nyingine. Injini imelala mbele ya ekseli ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito wa gari iko huko puani. Matairi ya mbele yanasukuma, yanapinda kona na yanabeba mzigo mkubwa wa breki. Tabia yake inajulikana: ukiingia kona kwa kasi, pua inakataa kupinda, gari linataka kwenda moja kwa moja. Kuongeza mpira nyuma ni kumpakulia tena aliyekwisha shiba. Pua itakataa zaidi. Hilo ni la uendeshaji tu, na la giaboksi bado sijalifikia.

Jumatano, Aprili 9

Nimekaa na kalamu baada ya chakula. Hesabu ni nyepesi, mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaiweza: upana wa tairi mara asilimia ya ukuta wake, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi 17 ni 431.8). Hicho ndicho kipenyo. Zidisha kwa 3.1416 upate mzingo, yaani umbali ambao gurudumu linatembea likizunguka mara moja.

215/45R17: kipenyo 625.3, mzingo 1,964.
245/40R17: kipenyo 627.8, mzingo 1,972.
225/45R17: kipenyo 634.3, mzingo 1,993.
235/45R17: kipenyo 643.3, mzingo 2,021.

Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi manne isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa hiyo 215 mbele na 245/40 nyuma, tofauti milimita 8, zimeukosa mstari kwa kidogo sana. Tairi la 245 ni pana kwa sentimita tatu zaidi, lakini ukuta wake ni mfupi, basi urefu unakaribiana. BMW walifanya vivyo hivyo: 634.3 mbele, 635.8 nyuma.

Ukichukua 225/45 nyuma, ambazo zinaonekana za kiasi na hakuna atakayezishangaa, tofauti inaruka hadi milimita 28 na ushee. Gurudumu la mbele litazunguka karibu mara 509 kwa kilomita, la nyuma 502. Mara saba haionekani kitu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni kilomita 330 hivi: mizunguko zaidi ya elfu mbili ambayo lazima imezwe na kitu fulani ndani ya giaboksi.

Kwa hiyo mpwa anauliza swali la upana, na gari linajibu swali la mzingo. Nitamweleza hivyo.

Jumamosi, Aprili 12

Leo limeletwa jambo lenyewe bila kuitwa. Mfanyabiashara wa mchele wa Igurusi kaja na Forester ya otomatiki. Malalamiko: "Fundi, nikikata kona ya kuingia getini, gari linajikaza kama nimesahau hendibreki." Kabadilishiwa beringi, kabadilishiwa shafti, hela imekwenda na ugonjwa umebaki.

Nimelipeleka uwanjani, nikakata usukani mpaka mwisho na kurudi rivasi taratibu. Linaruka, linashtuka, tairi linalia kwenye changarawe. Nimefungua boneti. Subaru za otomatiki za aina hii zina kishikio kitupu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo, mvuto wa nyuma unakatwa na gari linabaki kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Nimechomeka, nikakata kona ileile, gari limezunguka laini. Basi beringi na shafti zilionewa bure. Tatizo liko kwenye sahani za klachi zinazopeleka nguvu nyuma.

Nikainama kutazama matairi. Yote manne 215/60R16, namba moja kabisa. Lakini ya nyuma mapya, kashata zake milimita 8, na ya mbele vipara, milimita mbili na nusu. Tajiri akasema, "Si saizi moja, fundi? Nilinunua mawili mwaka jana, hela ya manne haikutosha."

Ni saizi moja ubavuni. Barabarani siyo. Milimita tano na nusu za kashata zilizolika zinapunguza kipenyo kwa milimita 11, na mzingo kwa milimita 35 hivi. Hii ni mara tano ya kile Subaru wanachoruhusu, na inaishinda hata ile 215 na 225 niliyoiogopa Jumatano. Mtu huyu hajawahi kutamani rimu za shaba, hajui neno tabo, lakini kwa mwaka mzima kaendesha gari lenye magurudumu yasiyolingana kuliko ya kijana yeyote wa mjini.

Sahani hizo zimetengenezwa ziteleze kidogo unapopinda, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye lami iliyonyooka zinatakiwa zitulie. Mzingo ukitofautiana hazitulii kabisa, Igurusi hadi Mbeya zinasagana, mafuta yanaungua, mwisho zinanata.

Nimemwandikia: matairi manne yanayolingana kwanza, kumwaga mafuta ya giaboksi na kujaza mapya, kisha tuone kama sahani zitajirudi. Zisipojirudi tutafungua.

Ijumaa Kuu, Aprili 18. Iringa

Nimefika kwa dada saa tisa alasiri. Nimetoka Mbeya mapema kukwepa malori ya Tunduma, na bado nimeyakuta yote.

Njia yenyewe inatoa hoja ambazo karatasi haitoi. Baada ya Uyole lami imechimbwa mifereji miwili na uzito wa malori yanayokwenda na kurudi Zambia na Kongo. Tairi la kawaida linaisikia mifereji hiyo, tairi pana linaifuata. Usukani unavutwa huku na huku, na ukiwa unapishana na lori la futi arobaini si mahali pa kuvutana na usukani. Mlima Nyoka, Chimala, Igawa, halafu vijiji vya hamsini kwa saa na trafiki chini ya mti. Hakuna kona hata moja kwenye safari hii ambayo 245 ingenifaa.

Nimesimama Makambako kwa chai, nikapita kwenye maduka ya matairi kuulizia 245/40R17. Wana za malori, wana za Noah, wana 195/65R15 za kila mtu. Yule wa tatu kaniuliza, "Hiyo ni ya gari gani, mzee?" Basi mpwa akipata pancha isiyozibika hapa njiani, ataokolewa na nini? Spea moja haiwezi kulingana na mbele na nyuma kwa pamoja. Tena lake ni la gia za mkono, halina kishikio cha fyuzi cha kukata mvuto wa nyuma. Atatembea na gurudumu lisilo na mwenzake mpaka apate duka, na difu ya kati itakuwa inahesabu.

Iringa baridi. Dada kanipokea kwa "Kamwene" na ugali wa moto. Mpwa kazunguka gari langu kuangalia kama nimebeba zana. Nimebeba.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21. Iringa

Asubuhi tumepima. Kila mwenye gari la fowili anaweza kufanya hivi bila fundi: weka upepo sawa matairi yote, egesha mahali tambarare, piga mstari wa chaki kwenye tairi pale linapogusa chini na mwingine kwenye sakafu. Sukuma gari mpaka mstari wa tairi urudi chini, chora tena, pima kwa futi ya fundi seremala. Rudia kwa kila gurudumu.

Mbele kushoto 1,899. Mbele kulia 1,900. Nyuma 1,911 na 1,912. Mpwa kashtuka kwamba zote ziko chini ya 1,964 ya karatasi. Nimemweleza kwamba tairi likibebeshwa gari hubonyea, hivyo hutembea umbali mfupi kuliko hesabu. Kilichonishtua mimi ni pengo la milimita 12 kati ya mbele na nyuma, kwenye gari lenye matairi manne ya namba moja na kampuni moja, yaliyonunuliwa siku moja. Ya mbele yanalika haraka, na hajawahi kuyahamisha. Kwa hiyo kabla hata ya kugusa rimu za shaba, alikwisha kupita mstari.

Dawa yake ilikuwa jeki na spana. Ya mbele tumeyapeleka nyuma, ya nyuma mbele. Sasa yale makubwa yatalika haraka kwa kuwa yako mbele, na baada ya muda yatakutana na wenzake. Ukifanya hivyo kila kilomita elfu nane au kumi, yote manne yanazeeka pamoja. Mwenye mapana nyuma na membamba mbele hana dawa hii. Anaweza kubadilisha kushoto na kulia tu, pengo la mbele na nyuma litakua kila mwezi. Hata akianza na milimita 8, hatabaki nazo.

Jioni wamekuja vijana wenzake, Impreza mbili na Forester moja, mazungumzo yakawa ya rali. Huu ni mji wa dereva wa rali Ahmed Huwel, hapa rali si ya kuona kwenye simu tu. Mmoja wao akataja Subaru za bluu zilizoshinda Safari Rally kule Kenya: Kenneth Eriksson 1996, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000. Nikawauliza, magari hayo yalivaa upana gani nyuma? Kimya. Yalivaa sawa pande zote nne, tena kwenye vumbi na mawe matairi yalikuwa membamba, ya rimu za inchi 15, yenye ukuta mnene. Subaru walichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997 bila kumvalisha yeyote mapana nyuma.

Jumamosi, Aprili 26. Mbeya

Sikukuu ya Muungano, gereji imefungwa. Mpwa kapiga simu, kajiandaa: "Mjomba, mbona Nissan GT-R ni fowili na nyuma ina mapana? Na Porsche?"

Ameuliza vizuri, na anastahili jibu kamili. GT-R R35 ina 255/40R20 mbele, 285/35R20 nyuma: kipenyo 712 na 707.5. Tofauti ipo. Lakini GT-R kwa kawaida inasukumwa na nyuma, nguvu ya mbele inapelekwa na klachi inayoamriwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ilifundishwa vipenyo hivyo tangu siku ya kwanza. Porsche 911 Carrera 4S yenye 305 nyuma na 245 mbele imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito uko huko, na mpira ukaufuata uzito.

Kisha nikampa mfano ambao hakuutarajia. Audi RS3 ya kuanzia 2021, injini mbele kama yake, fowili kama yake: mbele 265/30R19, nyuma 245/35R19. Mapana yako mbele! Wahandisi wa Audi walikuwa na ugonjwa uleule wa pua kukataa kona, wakautibu kwa kuongeza mpira pale unapohitajika. Kama angetaka kuwaiga wakubwa kwa akili, zile rimu za shaba angezifunga mbele. Kacheka sana. "Litaonekana kituko, mjomba." Ndiyo. Kwa hiyo tunazungumzia sura, na sura tuijadili kama sura.

Difu ya kati ya WRX ya gia za mkono haina kompyuta. Inagawa nusu kwa nusu, na pembeni yake kuna chombo cha viskasi: sahani nyembamba zilizofungiwa ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na nyuma yakitofautiana mwendo, sahani zinakata mafuta, mafuta yanapata moto, chombo kinajikaza ili kusaidia upande uliokwama. Matopeni ni neema. Kwenye lami ya Mafinga ukiwa na mizingo miwili tofauti, chombo kinaamini kwamba umekwama siku nzima. Kikiungua hakitengenezwi, kinabadilishwa.

Jumapili, Mei 4

Nimerudi kutoka msibani Tukuyu. Mvua ya kule haina mfano nchini, na mwezi huu imefungua koki zote. Baada ya Isongole maji yalikuwa yanatembea juu ya lami.

Nimejiongezea hoja nyingine. Tairi pana likiwa na mzigo uleule linakanyaga kwa alama pana na fupi. Kwenye kona kavu ni faida. Kwenye maji, ile njia ndefu ya kuyakata inapungua, na tairi linaelea mapema zaidi, hasa kashata zikiwa zimepungua. Mwenye mapana nyuma na membamba mbele anaweza kuwa na mbele inayoshika maji na nyuma inayoelea, na gari la namna hiyo huzunguka kabla dereva hajajua kilichotokea. Kwa nyanda zetu, ambako mvua inaanza Novemba na kuisha Mei, hili lina uzito kuliko picha ya rimu.

Jumanne, Mei 13

Impreza ya otomatiki imeletwa kutoka Chimala na bredauni, mbele imenyanyuliwa, nyuma inaburuzwa kwenye lami. Iliharibika alternata tu. Sasa klachi ya nyuma inanuka moto. Magurudumu ya nyuma yamezunguka njia nzima huku ya mbele yamesimama hewani. Tofauti gani ya mzingo inafikia hiyo? Fowili ya muda wote inapakiwa yote juu ya lori, au inavutwa kwa kamba ikiwa na magurudumu yote manne chini na gia huru, taratibu, umbali mfupi.

Yule wa mchele wa Igurusi kapita kuchukua Forester yake. Matairi manne, mafuta mapya mara mbili, imelegea. Kona ya getini inakata bila kushtuka. Ana bahati, sahani zilikuwa hazijaungua.

Jumamosi, Mei 24

Mpwa kaamua. Kaziacha zile rimu za 8.5 na kuchukua nne za upana wa inchi 8, ofseti 48, na kazivalisha 225/45R17 pande zote. Kwanza tulihakikisha matundu: la kwake ni 5x100, wakati Impreza za STI za kuanzia 2005 ni 5x114.3, na wauzaji wengi huandika "za Subaru" bila kusema ipi. Tairi la 225/45 linakubali rimu ya inchi 7 hadi 8.5, kwa hiyo 8 inakaa katikati bila kutuna wala kuvutwa. Ile 245 aliyoitaka isingekubali rimu yake ya zamani ya inchi 7 hata angelazimisha, inaanzia 8.

Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 1.4 pande zote nne, na giaboksi haijali, kwa kuwa matairi yote yameongezeka pamoja. Mshale ukisoma 80, gari linakwenda karibu kilomita moja zaidi ya zamani. Mpira umeongezeka mbele pia, pale Impreza ilipokuwa na njaa. Gari limekaa kiume, na picha kanitumia.

Kwa wateja nimeandika haya kwenye ubao, yasomwe kabla ya kuniuliza bei:

Fowili ya muda wote hainunuliwi matairi mawili. Kama hela haitoshi manne mapya, nunua manne ya mtumba yaliyotoka kwenye gari moja, kampuni moja, kashata sawa. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi kuukuu likatae hata kama kashata zimejaa. Pima mzingo kwa chaki. Hamisha mbele na nyuma kila kilomita elfu nane. Ukitaka mapana, yawe manne.

Manne ya mtumba yanayolingana ni salama zaidi kwa giaboksi yako kuliko mawili mapya na mawili vipara.